Chumvi ya Kuazima

Kazi yangu ni kuifundisha mashine Kiswahili cha uchungu.
Malipo ni kwa sentensi. Chumba kipo Kirumba, juu ya duka la nyavu:
feni moja, kompyuta sita, wadudu wa ziwa
wamejaa kiooni kama pilipili manga.

Wiki ya kwanza mtu aliandika: Nina mawazo.
Mashine ikafurahi. Vizuri sana! Nishirikishe wazo lako.
Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha.
Kwenye kisanduku cha masahihisho nikaandika:
Huku kwetu, mwenye mawazo hana wazo.
Ana usiku.

Mwingine: Roho inanisokota. Ikamwelekeza dawa ya tumbo.
Mwingine: Nimechoka.
Hapo nikasimama, maana kuna kuchoka
kwa kupanda mawe ya Mabatini na ndoo kichwani,
na kuna kuchoka kwa mtu anayekunja nguo zake vizuri
na kuzigawa.
Siku mbili, mifano arobaini.
Sasa huuliza: Umechoka mwili, au umechoka kuishi?
Huuliza bila kupepesa. Mimi nisingeweza.

Na usiidharau. Mshauri wa kliniki ni mmoja,
Jumanne na Alhamisi, foleni inaanza alfajiri,
na kwenye foleni hiyo yumo shemeji yako.
Bando la mia tano halina shemeji.

Majina hufutwa kabla hayajanifikia.
Namba hufutwa. Nimetia sahihi: sitamtafuta mtu.
Lakini nani atafuta jiwe?

Saa tisa usiku, mtu asiye na jina
aliandika kwamba tangu lile giza la Machi,
mwanawe alipotoka na taa za dagaa,
yeye halali ndani. Hukaa nje, juu ya jiwe lenye ufa,
lile lililopigwa alama nyekundu ya bomoabomoa
ambayo mvua imeshindwa kuiosha.

Jiwe hilo nimetambaa juu yake.
Milango mitatu kutoka kwetu.
Asubuhi namwambia shikamoo, ananiambia marahaba,
na kila kitu ni marahaba.

Alikuwa Mama Masalu.
Tangu msiba tunamwita Mama Limi, jina la mdogo.
Hakuna aliyeitisha kikao. Mtaa mzima
ulihama jina kimyakimya, ukaona ni heshima.

Nikasoma hadi mwisho.
Mashine ilimuuliza mtoto alikuwa anaitwa nani.
Akaandika jina mara tatu, mara ya tatu bila sababu.
Ikakaa naye hadi jogoo.
Kupiga hodi tu ndiko haikuweza.

Sijui kama nilivunja mkataba.
Jioni nilisimama mlangoni kwake na kikombe kitupu.
Hodi. Karibu. Naomba chumvi.
Akanitazama kwa muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji.

Tukachambua dagaa, mchanga huku, dagaa huku.
Nikasema mabondo yamepanda bei.
Akasema, wenye mabondo na wapande nayo.
La maana halikusemwa,
ila nikiaga, miguu yangu ikiwa tayari nje,
ulimi ukateleza, au ukajua:
Asante, Mama Masalu.

Hakujibu. Ungo ulisimama mkononi mwake.

Kesho yake usiku, kwenye zamu yangu:
Jirani alikuja kuazima chumvi.
Chumvi anayo. Juzi nilikuwa nyuma yake dukani.

Nilingoja mashine iharibu.
Ishauri matembezi, maji ya kutosha, kuvuta pumzi hadi nne.
Ilijibu neno moja:
Ulimpa?

Nilimpa.

Chini kuna nyota tano: jibu hili ni zuri kiasi gani?
Nikabonyeza zote.
Chumvi yenyewe ipo hapa, pembeni ya kompyuta,
inavuta unyevu wa ziwa,
inashikana.